Kugeuza kipande kwenye leza bila pande mbili kupishana

Kishikio cha funguo chenye jina upande mmoja na picha upande wa pili ni kazi inayoonekana ndogo mpaka uigeuze. Upande wa kwanza jina limekaa katikati sawasawa. Upande wa pili picha imesogea milimita moja kushoto, na ule mstari wa duara uliouzungusha karibu na ukingo umeacha nafasi pana huku na finyu kule. Milimita moja kwenye mlango wa kabati haionekani. Kwenye duara la milimita 40 kila mtu anaiona, hata asiyewahi kushika rula.

Mwongozo huu ni wa mwenye mashine ndogo ya nyumbani: leza ya CO2 ya wati 40 yenye meza ya takriban milimita 300 kwa 200, au ile ya diodi yenye fremu iliyo wazi. Mimi natumia ya kwanza, kwenye chumba cha uani hapa Dar es Salaam, na mara nyingi nakata plaiwudi ya milimita 3 na masalia ya mbao ninayonunua kwa mafundi samani wa Keko. Njia ni zilezile kwa mashine zote mbili.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: usitafute mahali pa kipande kwa jicho. Iache mashine yenyewe ikate mahali pa kipande kukaa. Ukingo wa meza, alama ya penseli, rula, hata ile nukta nyekundu ya kulengea, kila kimoja kina kosa lake. Nukta nyekundu katika mashine nyingi hupigwa kwa mshazari kutoka pembeni mwa kichwa, kwa hiyo iko sahihi kwa kimo kimoja tu. Ukiweka ubao mnene zaidi, inahama. Tundu lililokatwa na mwale halina ubishi. Lilipo ndipo mwale ulipopita.

Ijue mashine yako kwanza

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, katikati ya meza. Amuru kichwa kirudi kwenye kona ya sifuri, kisha kiende x 150, y 100 (milimita 150 kwa upana wa meza na 100 kwa kimo chake, kutoka sifuri), kipige nukta moja fupi. Rudia mara tano, na katikati ya zoezi zima mashine na uiwashe tena. Nukta zote zikilaliana mpaka zionekane moja, mashine yako inakumbuka. Zikitawanyika kama mtama, acha kazi ya pande mbili kwanza ukague mikanda, skrubu zinazobana puli na swichi za kikomo. Hakuna ujanja wa fremu (ubao uliobandikwa mezani wenye tundu la kukalia kipande) wala pini utakaoponya mashine isiyorudi palepale.

Zoezi la kuzima na kuwasha lina sababu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki kiliposimama na mashine inasahau pale ni wapi. Nilikuwa na oda ya vishikio vya harusi, nimefika kipande cha saba upande wa pili, giza. Kwa kuwa fremu ilikuwa imebandikwa mezani na mashine inarudi sifuri kwa uhakika, umeme uliporudi niliendelea na kipande cha nane bila kupima chochote. Kile cha saba ndicho pekee kilichopotea. Kwa hiyo katika programu chagua kufanya kazi kwa namba kamili za meza, zinazohesabiwa kutoka kona ya sifuri, wala si kuanzia mahali kichwa kilipo. Ukianza na mahali kichwa kilipo, kila umeme ukikatika unaanza upya.

Sasa pima kama mashine iko skwea. Chora kwenye kadibodi mstatili wa milimita 150 kwa 200, kisha pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Fundi mwashi anaijua hesabu hii: tatu, nne, tano. Kila ulalo unatakiwa usome 250. Mmoja ukisoma 250.5 na mwingine 249.5, pembe imekosea kwa takriban robo ya digrii. Inaonekana si kitu, lakini kwenye upande wa milimita 150 hiyo ni karibu milimita 0.6, na ukigeuza ubao, mwinamo unageukia upande wa pili na kosa linakuwa kama milimita 1.25. Dalili yake ni rahisi: kipande kikubwa cha mstatili kinaingia vizuri kwenye tundu lake kabla ya kugeuzwa, kikigeuzwa kinagoma. Legeza skrubu za reli inayobeba kichwa, isogeze upande mmoja kidogo kidogo, ubane, upime tena.

Kipimo cha tatu ni upana wa mkato, yaani kiasi cha ubao ambacho mwale unakula. Kata mraba wa milimita 20. Pima kwa kalipa, kile kipimio chenye taya, mraba wenyewe, halafu pima tundu uliloacha. Toa kimoja kwa kingine, gawanya kwa mbili. Mraba ukisoma 19.8 na tundu 20.2, upana wa mkato wako ni 0.2. Iandike namba hiyo ukutani pamoja na aina ya ubao, unene, kasi na nguvu uliyotumia, kwa sababu ukibadilisha kimoja nayo inabadilika. Hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Njia ya kwanza: kipande kwenye tundu lake

Inafaa kazi chache zenye umbo linalofanana kulia na kushoto, kama mstatili, moyo, au duara lenye sikio la kupitishia pete.

Bandika ubao mezani kwa tepu kwenye kona zote nne, na weka sumaku pale ulipojikunja kama meza yako ni ya chuma. Ubao huu hautasogea mpaka kazi iishe. Hiyo ndiyo fremu yako. Tia nakshi upande wa kwanza, kisha kata ukingo. Usibadilishe mpangilio huo, maana kipande kilichokwisha kukatwa huweza kuinama au kusukumwa na upepo wa pampu ya hewa, nakshi ikaenda kombo.

Ukingo ukikatika, usichokonoe kwa bisibisi. Bandika tepu juu ya kipande, kivute wima kitoke. Kigeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu, kutoka kulia kwenda kushoto, ukirudishe kwenye tundu lake. Ukikigeuza kama ukurasa wa kalenda ya ukutani, kutoka chini kwenda juu, kipande chenye sikio hakitaingia, na kwenye mstatili tundu la pete litaangukia chini na picha itaning'inia kichwa chini miguu juu.

Utaona kwamba kipande kilichogeuzwa kinaingia kwa ulaini kuliko ulivyotegemea. Mara nyingi mkato wa leza huwa mpana kidogo juu kuliko chini, kwa hiyo tundu limefunguka juu na kipande kimenenepa chini. Ukikigeuza, kile kinene kinakuja juu na kinakaa kama kizibo kwenye chupa. Hili linasaidia, lakini lisikudanganye. Kipande kimepungua kwa upana wa mkato mmoja na tundu limeongezeka kwa upana wa mkato mmoja, kwa hiyo kwa mkato wa 0.2 kuna mchezo wa 0.4 kwa jumla. Ukikisukumia upande mmoja, picha yako imehama 0.2.

Dawa yake ni karatasi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kata vipande vyembamba, vikunje mara moja upate 0.2, uvichomeke kwenye pande mbili zinazopakana, tuseme kushoto na chini, kisha sukuma kipande kielekee huko kikae. Sasa kiko katikati ya tundu, nafasi sawa pande zote. Kwa duara tumia vipande vitatu vilivyoachana sawasawa. Duara tupu lisilo na sikio lina ugonjwa mwingine: linazunguka ndani ya tundu, na karatasi haizuii hilo. Hilo lipeleke kwenye njia ya pini.

Faili la upande wa pili liweke katikati palepale kwenye namba zilezile. Usigeuze maandishi kama kwenye kioo. Kosa hili nimeliona kwa karibu kila anayeanza: anafikiri kwa kuwa ubao umegeuzwa basi na picha igeuzwe. Mwale unapiga kutoka juu kama kawaida, na unachokiona kwenye skrini ndicho utakachokisoma kwenye ubao. Kinachogeuka ni umbo la ukingo na mahali pa vitu, si herufi zenyewe.

Kama umbo halilingani kulia na kushoto, mfano samaki, ramani ya Afrika au herufi R, halitaingia kwenye tundu lake likigeuzwa. Hapo ondoa fremu, bandika kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) cha unene uleule, ukate humo tundu la umbo lililogeuzwa. Na kwa kuwa tundu hili ni jipya, una nafasi ya kuondoa ule mchezo kabisa: sogeza mstari wa mkato kwenda ndani kwa kiasi cha upana wa mkato mmoja. Kwa mkato wa 0.2 mimi husogeza 0.15, ili kipande kiingie kwa kubonyeza kwa kidole gumba bila kupigwa. Juu ya tundu hilohilo unaweza kupitisha vipande hamsini, kimoja baada ya kingine, bila kupima tena.

Njia ya pili: pini mbili

Hii ndiyo ninayoipenda, na kwa kazi ya vipande vingi sioni sababu ya kutumia nyingine. Hapa hugeuzi kipande kimoja kimoja. Unageuza ubao mzima kabla ya kukata chochote.

Pini zenyewe hazihitaji kuagizwa popote. Mkia wa biti ya kudrili ya milimita 3, ile sehemu laini inayoshikwa na mashine, umenyooka na kipimo chake ni sahihi. Spoki ya baiskeli nayo ni waya mgumu ulionyooka, na nyingi ni za karibu milimita 2. Ipime kwa kalipa kabla ya kuikata. Chukua moja ya kila aina. Sababu ya kutumia unene tofauti utaiona hivi punde.

Bandika mezani ubao wa chini wa MDF, wa milimita 6 kama unao, na uuchukulie kuwa sehemu ya mashine. Ukate matundu mawili kwa leza hiyohiyo, yote kwenye mstari mmoja wa wima: moja x 150, y 30, jingine x 150, y 170. Mstari huo wa x 150 ndio mhimili, yaani uti wa kitabu unachogeuza. Mkato wa 0.2 utapanua tundu, kwa hiyo kwa pini ya 3 chora duara la 2.8. Afadhali ukate kwanza safu ya majaribio kwenye masalia, 2.6, 2.7, 2.8 na 2.9, uchague lile ambalo pini inaingia kwa kusukuma bila kuyumba. Pini fupi zinatosha. Zikizidi sana juu ya ubao, kichwa cha leza kitazigonga.

Sasa weka ubao wa kazi juu yake, pini zikiwa bado hazijawekwa, uubane kwa tepu, ukate matundu yaleyale kwa namba zilezile. Tundu la pini nene liwe duara. La pini nyembamba lirefushe milimita 1 kufuata mstari wa wima. Hapa pwani ubao unavimba na kusinyaa kwa unyevu, na joto la nakshi nalo linaukausha. Matundu yote mawili yakiwa ya kubana, utauinua ubao asubuhi na mchana utakataa kurudi. Tundu refu linauachia urefu ucheze bila kuuachia upana.

Chomeka pini. Ubao umekaa. Tia nakshi za upande wa kwanza zote. Uinue wima, ugeuze kama ukurasa, uurudishe kwenye pini zilezile. Kwa kuwa matundu yako kwenye mhimili wenyewe, kila tundu linarudi kwenye pini yake. Na hapa ndipo tofauti ya unene inapolipa: pini zingelingana, ubao ungeweza kugeuzwa kwa njia ya kalenda ukaingia vilevile, nawe usigundue mpaka vipande ishirini viwe vimeharibika. Pini ya milimita 3 haiingii kwenye tundu la 2.

Mpangilio wa faili la upande wa pili: chukua michoro ya kingo tu, bila nakshi, uigeuze kushoto kulia kuzunguka x 150. Kilichokuwa x 40 sasa kiko x 260. Fomula ni 300 kutoa x. Kisha weka nakshi za upande wa pili ndani ya kingo hizo, zikisomeka kawaida. Kingo zikatwe mwisho kabisa, baada ya nakshi za pande zote mbili.

Upande gani uwe wa pili? Huu ni uamuzi wa fundi, na wengi hawaufikirii. Nakshi inayotiwa pamoja na mkato, bila ubao kusogezwa, italingana na ukingo karibu kikamilifu. Ile iliyotiwa kabla ya kugeuza ndiyo itakayobeba kosa lolote litakalobaki. Kwa hiyo upande wenye mstari unaofuata ukingo, au maandishi yanayozunguka, uwe wa pili. Upande wenye jina tu katikati uwe wa kwanza, kwa sababu jicho halihesabu sehemu ya kumi ya milimita kwenye nafasi tupu.

Kupima kosa na kulirekebisha

Usianze na ubao wa mteja. Kwenye masalia, upande wa kwanza, chora alama ya jumlisha na utoboe tundu la milimita 1 katikati yake mpaka litokee. Geuza, uchore jumlisha ya upande wa pili pale hesabu inaposema. Angalia tundu liko wapi ukilinganisha na jumlisha. Ukiuelekeza ubao kwenye mwanga wa dirisha utaliona vizuri. Tumia kioo cha kukuzia kama unacho, au kamera ya simu.

Tuseme jumlisha imeangukia milimita 0.5 kulia kwa tundu. Wengi hapa husogeza mhimili 0.5 kushoto, na jaribio linalofuata jumlisha iko 0.5 upande wa pili. Kosa la mhimili linajizidisha mara mbili kwenye kugeuza: mhimili ukikosea 0.25, kila kitu kinahama 0.5. Kwa hiyo ama sogeza mhimili kwa nusu ya unachokiona, ama sogeza michoro ya upande wa pili kwa kiasi chote. Fanya kimoja, si vyote viwili. Kwa juu na chini hakuna kuzidisha, kwani huko hujageuza kitu. Sogeza kwa kiasi chote.

Fanya jaribio hili sehemu mbili, juu na chini ya ubao. Makosa yakiwa sawa, rekebisha kama nilivyosema. Yakitofautiana, la juu kulia na la chini kushoto, shida si mhimili. Mstari wa pini umeinama, au mashine haiko skwea. Rudi kwenye mstatili wa 150 kwa 200.

Programu kama LightBurn ina uwezo wa kulenga kwa alama mbili: unapeleka kichwa juu ya alama ya kwanza, kisha ya pili, nayo inauzungusha na kuusogeza mchoro wote ufuate. Inasaidia sana ukiletewa kitu kilichokwisha kukatwa kwingine. Lakini unalenga kwa jicho na nukta nyekundu, kwa hiyo kabla ya kuitegemea piga nukta moja ya leza kwenye tepu uone kama inaangukia pale nyekundu inapoonyesha, kwa unene uleule wa ubao.

Joto, maji na ubao uliokunjika

Nakshi pana upande mmoja hukausha upande huo na plaiwudi hupinda kama kigae. Ukiigeuza, katikati imeinuka, mwale unapoteza fokasi, na kingo zinasogea. Bana ubao kwa sumaku karibu na kila nakshi, au acha saa moja ukiwa umekandamizwa kwa kitu kizito kabla ya kugeuza.

Kwenye mashine za CO2 angalia pia maji ya kupozea mrija. Nakshi ndefu ya upande wa kwanza hupasha maji, mrija ukipata joto nguvu inashuka, na upande wa pili unatoka umefifia ingawa hukubadilisha namba hata moja. Joto letu la kawaida ni adui hapa. Mimi huweka chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya ndoo na kubadilisha chupa kila ninapogeuza ubao.

Kuhusu usalama sina maneno mengi: miwani inayolingana na mwale wa mashine yako, feni ya kutoa moshi nje, kizima moto karibu, na usiiache mashine ikikata peke yake hata dakika moja. Usikate PVC wala ngozi bandia yenye PVC. Moshi wake una asidi ya hidrokloriki inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine.

Kukata ubao mnene kutoka pande zote mbili

Njia ya pini inakuruhusu pia kukata ubao ambao mashine haiwezi kuumaliza kwa upande mmoja, kama paini ya milimita 10. Kata upande wa kwanza mpaka kina cha milimita 6 hivi, geuza, ukate 6 kutoka upande wa pili ili mikato ikutane na kupitana kidogo. Pima kina kwenye masalia ya ubao huohuo, kwa kuwa vifundo na sehemu ngumu za mti hazikatiki sawa.

Hapa linajitokeza kosa lisiloonekana kwenye nakshi: mwale uliolala. Kama mwale hauanguki wima kabisa, juu ya ubao utaona pande mbili zimelingana vizuri, lakini katikati ya unene kuna ngazi. Mwale ukilala digrii 1, kwenye ubao wa milimita 10 ngazi hiyo ni karibu milimita 0.17. Kulipima, piga mpigo mmoja kwenye kipande cha akriliki kinene, ukitazame tundu kwa ubavu ukiwa umesimamisha skwea kando yake. Likilala, rekebisha vioo na mshikio wa lenzi kabla ya kugusa faili. Ngazi ndogo itakayobaki inaondoka kwa msasa namba 180 uliogundishwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, ukisugua kufuata urefu wa ukingo.